Pauni 600 na Miezi Minane: Nunua Nini kwa Reli Ndogo ya Maonyesho

Ukishaalikwa kuonyesha reli yako ndogo kwenye ukumbi wa maonyesho hapa Uingereza, siku zinaanza kuhesabika. Fomu inataka vipimo vya meza, idadi ya waendeshaji, vifaa vya umeme na thamani ya bima. Mfuko nao una maswali yake. Nachukulia una pauni 600, miezi minane, na nafasi isiyozidi gereji ya gari moja. Bei nitakazotaja ni za kukadiria, kwa sababu kila duka na yake, ila nafuu na ghali havibadilishani nafasi.

Neno langu ni hili: fedha nyingi zitie chini ya reli, si juu yake. Mbao, viungo, nyaya, pointi. Injini ya pauni 250 ikikwama kwenye pointi mbovu, mtoto aliyesimama mbele ya kamba haoni bei, anaona treni iliyosimama. Injini ya mtumba ya pauni 60 ikienda na kurudi kutwa bila kusita, atamvuta babake mkono warudi kuiona tena.

Anza na kipimo, maana ndicho kitakachopanga gharama zote zinazofuata. Kipimo O, ambacho reli zake zina upana wa milimita 32, kinajaza macho na sauti ya magurudumu yake ina uzito. Lakini injini moja kubwa mpya inaweza kumaliza pauni 600 zote kabla hujanunua ubao. N, yenye reli za milimita 9, inakupa treni ndefu kwenye nafasi ndogo, ila chembe ya vumbi ambayo injini ya OO ingeipita inaisimamisha ya N. Watazamaji nao wako umbali wa mita moja, na kazi yako ya miezi hawaioni vizuri.

TT ya 1:120 iliingia madukani Uingereza mwaka 2022, treni zikiuzwa tayari kabisa. Ni kipimo kizuri kwa nyumba ndogo, lakini mitumba yake bado haba, na asiye na fedha anaishi kwa mitumba. Kwa hiyo jibu langu ni OO, yaani 1:76 juu ya reli za milimita 16.5. Vipuri viko kila mahali, na kila maonyesho yana meza za mitumba yake.

Najua msomaji wa Voi au Nakuru anawaza nini, kwa sababu nami nilianza na wazo hilohilo. Nataka injini ya Garratt! Nataka ile daraja la 59 ya Reli za Afrika Mashariki, jitu la tani 250 hivi, mojawapo ya 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Nambari 5918, Mount Gelai, bado imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na aliyewahi kuweka kiganja kwenye gurudumu lake hasahau.

Shida ni upana wa reli. Njia yetu ya zamani ni ya mita moja, na reli za OO ukizikuza mara 76 zinatoa milimita 1,254. Hapo umeshatoka Kenya. Njia mbili zinakaribia ukweli. Reli za milimita 12 kwa kipimo cha 1:87 zinatoa milimita 1,044, na reli za milimita 9 kwa kipimo cha 1:120 zinatoa 1,080. Ya kwanza hutengenezwa hasa kwa wapenzi wa treni za milimani za Uswisi, na bei yake ni ya Uswisi. Ya pili ni nafuu zaidi, kwa sababu unaweza kukata mashine ya injini ya N na kuivika bodi uliyochapisha kwa printa ya 3D.

Ila jihadhari na seti za shaba za kuunganisha mwenyewe. Bei ya kwenye boksi mara nyingi haina mota, haina giaboksi, haina magurudumu. Ukijumlisha hivyo vyote, bei inaweza kupanda kwa nusu nzima, na Garratt ina magurudumu mengi kuliko injini yoyote utakayoanza nayo. Iwekee akiba pembeni. Kwa miezi minane, jenga stesheni ndogo ya OO na uimalize.

Sasa mbao. Kipimo kinachofaa ni vibao viwili vya milimita 1,200 kwa 600, na cha tatu nyuma ya pazia ambako treni hupangwa zikisubiri zamu. Kabla ya kukata chochote, pima buti ya gari lako viti vikiwa vimelazwa. Kibao kikizidi kwa sentimita tano tu, utakodi vani kila maonyesho.

MDF ni ya bei poa na imenyooka, lakini ni nzito na ikinywa maji pembe zake huvimba. Plaiwudi ya kawaida ya milimita 9 ni pauni 30 hadi 45 kwa shiti. Ile ya mti wa betula inaweza kufika mara mbili ya hapo, nayo haipindi ovyo. Mimi huchanganya: fremu ya plaiwudi nzuri, uso wa plaiwudi ya kawaida. Kwa vibao vitatu utatumia kama pauni 110, pamoja na miguu na skrubu. Usiutengeneze uso kwa ubao laini wa vifungashio. Utakuwa wimbi baada ya majira mawili ya baridi.

Kwenye kiungo cha vibao usibane hata senti. Pini za shaba za kulinganisha, dume na jike, ni pauni 6 hadi 8 kwa jozi, na kila kiungo kinataka jozi mbili. Mara ya kwanza niliziruka. Nilitumia bolti peke yake, matundu yakiwa mapana kidogo ili zipite kwa urahisi. Usiku vibao vililala ndani ya vani yenye baridi na unyevu, asubuhi vikaingia ukumbi uliopashwa joto. Saa 4 na nusu hivi treni ya kwanza ikaanguka palepale kwenye kiungo. Nikainama nikaangalia kwa tochi: reli moja ilikuwa imesogea unene wa ukucha. Nikaisukuma kwa bisibisi, ikapita mara tatu, ikaanguka tena. Nilishinda siku nzima nikiwa nimepiga magoti pale badala ya kuongea na watu. Pauni 30 zingeninusuru.

Reli zenyewe nunua zile ndefu zinazopinda, za yadi moja, pauni 5 au 6 kila moja. Vipande vifupi vilivyokwisha kupindwa vina viungo vingi, na kila kiungo ni mahali umeme unapoweza kukatika. Kuna reli nene ya milimita 2.5 na nyembamba ya milimita 1.9. Nyembamba inafanana zaidi na reli halisi, lakini mitumba ya zamani yenye magurudumu ya ukingo mkubwa itagonga mataruma kote. Kama treni zako zitakuwa za zamani, chukua nene, upake ubavu rangi ya kutu, na mataruma yafukie kokoto vizuri. Mtazamaji hatapima. Reli za chuma cha kawaida ziache hata ukipewa bure, maana zinapata kutu.

Pointi ni kati ya pauni 18 na 30. Tofauti kubwa iko kwenye moyo wa pointi, pale reli mbili zinapokutana. Kwenye zile rahisi ni plastiki, haina umeme, na injini fupi ya magurudumu manne hufia hapo. Nunua zenye moyo wa chuma unaopewa umeme, hata kama itakubidi uwe na pointi tatu badala ya tano.

Kuzigeuza, maduka yatakuuzia mota. Ya kupiga kwa kishindo ni kama pauni 8, lakini inataka kisanduku cha kuipa nguvu ya ghafla, pauni nyingine 15. Ya polepole ni karibu pauni 20 kila pointi. Servo ndogo ni pauni 4, halafu unagundua inahitaji bodi ya kuiongoza. Kwa stesheni ndogo, chukua spoku ya baiskeli, ipitishe chini ya ubao, uifunge kwenye swichi ya kusukuma ya pauni 2. Ukisukuma, pointi inageuka na umeme wa moyo wake unabadilika papo hapo. Ikiharibika saa sita mchana unaitengeneza kwa koleo.

Uendeshaji ndipo watu hupoteza pesa. Kidhibiti cha kawaida cha volti 12 ni pauni 40 hadi 80. Cha kidijitali kinaanzia kama pauni 100, na tangazo linaishia hapo. Halisemi kwamba kila injini inataka chipu ya pauni 20 hadi 35, au 100 na zaidi ukitaka sauti. Injini sita ni pauni 150 juu ya bei uliyoiona. Tena chipu zina plagi tofauti: pini 8, pini 21, pini 18. Ukikosea, hairudishwi ikishafunguliwa. Injini za zamani hazina plagi kabisa, lazima ulehemu.

Kidijitali ni kizuri pale injini mbili zinapofanya kazi jirani kwenye njia moja. Kwa stesheni yenye treni moja inayoingia na nyingine inayotoka, kidhibiti cha kawaida kinatosha. Nyaya zako ziwe nene vya kutosha tangu mwanzo, na kila kipande cha reli kiwe na waya wake. Hapo siku ukitaka kuhamia kidijitali hutabomoa chochote.

Kuhusu treni: injini mpya ni pauni 150 hadi 250, ya mtumba inayotembea vizuri ni 50 hadi 90. Behewa jipya la abiria ni pauni 50 na kitu. Kwenye meza ya mitumba bei hiyohiyo inaweza kukupa matatu. Kabla ya kulipa, omba iendeshwe mbele na nyuma, polepole. Ukisikia tik, tik, tik inayorudi kwa mpangilio, gia imepasuka. Igeuze utazame chini. Kuna madini ya zinki yaliyochanganywa vibaya kiwandani ambayo huvimba miaka inavyopita na kupasuka kama chapati iliyokauka. Ukiona fremu imepinda au bodi haikai sawa, irudishe mezani. Ugonjwa huo hauna dawa.

Ukiagiza kutoka nje, hesabu yote kabla ya kubonyeza. Bidhaa inayozidi pauni 135 hulipiwa VAT ya asilimia 20 ikiingia nchini, pamoja na ada ya msafirishaji kwa kazi ya kuipitisha. Injini ya pauni 180 kutoka Ujerumani, usafirishaji 15, VAT 39, ada 12: umefika pauni 246. Nililipa hivyo kwa injini ambayo duka la mji wa jirani lilikuwa nayo kwa 220.

Mandhari ndiyo sehemu ya furaha, na hapa ubahili haumdhuru mtu. Kokoto nyunyiza, kisha dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni gundi inajikusanya matone na kubeba kokoto zako. Mabua makavu ya maua ya bustani hugeuka miti. Udongo uuchekeche kwenye soksi, ukiupitisha kwanza sumaku ili usibebe chuma kitakachoingia kwenye mota. Majengo ya karatasi ngumu ni pauni 10 hadi 15, na ukipaka rangi kingo zake yanashinda mengi ya resini ya pauni 60.

Bakiza pauni 100 kwa mambo yasiyo na sura: taa za juu, pazia la mbele la kitambaa kisichoshika moto upesi, kamba ya umeme, na ukaguzi wa vifaa vya umeme ambao waandaaji wengi huudai. Usafiri, chakula cha mchana na malazi ya mbali mara nyingi hulipwa na waandaaji, lakini ni kwa kiwango mlichoandikiana. Vani, mafuta na maegesho viandike mapema. Ukisahau maegesho, ni yako.

Kwenye thamani ya bima usiandike kidogo kwa kuona haya. Andika gharama ya kununua kila kitu upya leo, mitumba ikiwemo, na upige picha kila kibao kabla ya kupakia. Kama kuna chama cha reli ndogo karibu nawe, ada yake ya mwaka huenda ikawa chini ya bei ya injini moja, na vingi vina bima ya pamoja, zana na njia ya kujaribia.

Wiki ya mwisho, usinunue tena. Futa reli kwa spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi, usitumie msasa, maana mikwaruzo yake hukamata uchafu. Safisha na magurudumu. Kisha endesha treni zako saa mbili mfululizo bila kuzigusa, na kila zinaposimama weka kipande cha tepu ya karatasi kando ya reli. Tepu zikizidi tano, piga simu uombe muda Ijumaa jioni wa kuandaa mapema.

Mimi mara ya mwisho nilihesabu mbili, zote kwenye pointi ileile, na dawa yake ilikuwa waya mmoja uliokuwa umeachia.