Samaki wa Milia

Upande wa mashariki wa Marekani iko pwani ndefu ya mchanga, ambayo bahari ya Atlantiki huipiga usiku na mchana, nayo imekatwa na ghuba nyingi. Wakati wa baridi wavuvi wa mshipi hutundika vyombo vyao ukutani. Lakini mwezi wa Aprili, jua lianzapo kupata nguvu, utawasikia wakiulizana jambo moja tu: Je, wa milia amefika?

Samaki huyu, ambaye Wamarekani humwita striped bass, ana rangi ya fedha, na katika kila ubavu ana milia myeusi saba au minane, iliyonyoka toka kichwani mpaka mkiani. Mwaka 2011 mtu mmoja alimvua kwa mshipi samaki mwenye ratili 81 na zaidi. Huenda baadhi yenu msomao hamfikii uzito huo.

Huishi baharini, lakini hatagi humo. Katika majira ya kuchipua hupanda mito iingiayo Ghuba ya Chesapeake, na mto Hudson, na Delaware, kutaga mayai yake katika maji matamu. Mayai hayo huchukuliwa na mkondo muda wa siku mbili hivi, ndipo yaanguliwe. Yakizama katika matope hufa. Akiisha kutaga, samaki hurudi baharini, na wengi hufuata pwani kwenda kaskazini, hata Massachusetts na Maine.

Mvuvi ajuaye kazi yake haanzi penye mawimbi. Huanza ghubani, mahali penye maji haba na matope meusi, kwa maana matope hayo hunywa joto la jua upesi, na maji yapitayo juu yake alasiri hupata uvuguvugu. Hapo minyoo na kaa wadogo huamka, na samaki huwafuata. Baadaye, bahari nayo ipatapo joto, huenda ufukoni na fimbo yenye futi kumi au zaidi, na chubwi nzito, na nyama ya kombe kuwa chambo. Hatupi ovyo. Kwanza husimama akayatazama maji: yavunjikapo meupe pana fungu la mchanga, yatuliapo na kuwa meusi pana shimo. Samaki hupita shimoni, akitafuta kombe waliofukuliwa na mawimbi. Saa njema ni alfajiri, au usiku, maji yakiwa yanakwenda.

Zamani walikuwa tele, hata watu wakawatia mashambani kuwa samadi. Mwaka 1639 serikali ya Massachusetts ikakataza. Na mwaka 1670 watu wa Plymouth walikata shauri kwamba mapato ya uvuvi wa samaki huyu, na wengine pamoja naye, yaendeshe shule. Basi wako watoto waliojifunza kusoma kwa fedha yake!

Lakini wingi huo haukudumu. Kufika mwaka 1985 walikuwa wamepungua hata Maryland ikapiga marufuku kabisa kuwavua, mpaka 1990. Wakaongezeka; mwaka 1995 ilisemekana wamerudi hali yao. Kisha mwaka 2019 wataalamu wakaona wamepungua tena.

Kwa hiyo mvuvi wa leo huchukua kipimo pamoja na chambo. Penye bahari kuu huruhusiwa samaki mmoja tu kwa siku, asiyepungua inchi 28 wala kuzidi 31. Wakubwa kupita hapo wengi wao ni majike, nao ndio watagao mayai mengi kuliko wote. Atumiaye chambo sharti awe na ndoana ya mviringo, ambayo hushika pembe ya mdomo, isimezwe mpaka tumboni.

Hebu fikirini mtu aliyesimama majini tangu usiku wa manane, vidole vimekufa ganzi, naye amempata samaki mkubwa kuliko wote aliopata kuwavua. Anampima: inchi 40. Hulowesha mikono yake, asimbandue utelezi wa ngozi, akamtoa ndoana, akamshika ndani ya maji, kichwa kikielekea mawimbi, mpaka mkia uanze kupiga wenyewe. Kisha humwachilia, akatia chambo kingine.