Hesabu ya Umati: Kutoka Mtandaoni Hadi Barabarani

Katika zama hizi ambapo mwenye simu ya mkononi aweza kuwafikishia watu elfu maneno yake kwa muda wa kufumba na kufumbua, limezuka swali ambalo wanafunzi wetu hulijadili mara kwa mara: je, harakati zinazoendeshwa mtandaoni huleta mabadiliko katika maisha halisi ya jamii, au ni makelele matupu? Wako wasemao kwamba simu imeishinda bunduki. Wako pia wanaozidharau harakati hizo, wakiziita vita vya vidole. Pande zote mbili hubishana kwa imani zaidi kuliko kwa vipimo, ilhali vipimo vipo, na vimefanywa kwa uangalifu mkubwa.

Tuanze na wenye shaka, kwa maana hoja yao ni nzito. Mwaka 2007 ulifunguliwa katika Facebook ukumbi wa kuwatetea watu wa Darfur, magharibi mwa Sudan, ambako vita vilivyoanza 2003 vilikuwa vimewaua na kuwafukuza makwao watu wengi mno. Waliojiunga na ukumbi huo walizidi milioni 1. Watafiti walizichambua kumbukumbu zake za siku 989, na matokeo yao yakatangazwa mwaka 2014. Katika kila wanachama 100, zaidi ya 99 hawakutoa hata senti moja, na 72 hawakumwalika mtu mwingine yeyote. Fedha zote zilizopatikana zilikuwa kiasi cha dola 90,000 za Kimarekani, yaani chini ya senti 10 kwa kila mwanachama. Wengi walibonyeza kitufe mara moja, wakajihisi wametimiza wajibu, wakaenda zao.

Kama tungeishia hapo, mjadala ungekuwa umekwisha. Lakini sayansi haihukumu kwa mfano mmoja. Tarehe 2 Novemba 2010, siku ya uchaguzi wa wabunge nchini Marekani, lilifanyika jaribio lililowahusu watu wapatao milioni 61, nalo ni miongoni mwa majaribio makubwa kabisa yaliyopata kufanywa juu ya tabia ya binadamu. Watumiaji wa Facebook waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza, lililokuwa kubwa kuliko yote, lilionyeshwa ujumbe wa kuwahimiza kupiga kura, pamoja na picha ndogo za sura za marafiki zao waliokwisha kutangaza kwamba wamepiga. Kundi la pili lilipewa ujumbe ule ule, ila pasipo sura za marafiki. Kundi la tatu halikupewa chochote, ili liwe la ulinganisho. Baada ya uchaguzi watafiti walikwenda kwenye daftari za serikali kuhakikisha ni nani hasa aliyepiga kura, maana alisemalo mtu si lazima awe amelitenda.

Matokeo yalistaajabisha. Waliopewa ujumbe mtupu walipiga kura kwa kiwango kile kile cha wale ambao hawakupewa chochote. Ujumbe wenyewe, kwa kipimo hicho, haukusogeza mguu hata mmoja. Waliooneshwa sura za marafiki walizidi kidogo: kama watu 39 katika kila 10,000. Nambari hiyo ni ndogo, lakini mwanafunzi aizidishe kwa milioni 60 apate kuona uzito wake. Watafiti walikadiria kura 60,000 za ziada zilizotokana na ujumbe moja kwa moja, na nyingine 280,000 zilizotokana na watu kuwaambukiza wenzao. Jambo lililonivutia mimi zaidi ni njia iliyopitwa na ambukizo hilo. Karibu lote lilipita baina ya marafiki wa karibu, wale ambao yamkini hukutana pia ana kwa ana. Mamia ya watu wanaoitwa marafiki kwa jina tu hawakuonekana kumsukuma mtu aende kituoni.

Hapa inatupasa kuvitenganisha vitu viwili ambavyo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa: kusafiri kwa habari na kusafiri kwa tendo. Mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha mwaka 1973 kwamba habari zilizo mpya kwetu, mathalani habari za kazi, aghalabu hutufikia kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali. Sababu ni nyepesi: ndugu na marafiki wa karibu hujua yale yale tuyajuayo. Mtandao wa intaneti ni kiwanda cha mafungamano mepesi ya namna hiyo, ndiyo maana habari huruka kutoka nchi hadi nchi kabla ya chai kupoa. Tendo lenye gharama au hatari hufuata kanuni nyingine.

Kanuni hiyo Granovetter huyo huyo aliieleza mwaka 1978 kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifuata. Fikiria watu 100 wamekusanyika uwanjani, wamekasirika. Kila mmoja ana kizingiti chake, yaani idadi ya wenzake anaotaka kuwaona wameanza ndipo naye aingie. Wa kwanza kizingiti chake ni 0. Yeye huanza bila kumngoja mtu. Wa pili ni 1, wa tatu ni 2, na kuendelea hadi wa mwisho, ambaye ni 99. Wa kwanza aanza. Wa pili amwona, aingia. Wa tatu awaona wawili, aingia. Na hatimaye wote 100 wamo. Sasa badilisha kitu kimoja tu: yule mwenye kizingiti cha 1 mpe 2. Wa kwanza aanza, ageuka nyuma, hamwoni mtu. Mambo yamekwisha hapo. Viwanja hivi viwili vimetofautiana kwa mtu mmoja, tena kwa hatua moja ya moyo wake, na bado gazeti la kesho lingeandika kwamba katika kimoja umma uliasi, na katika cha pili mwendawazimu mmoja alivunja dirisha huku raia wema wakimtazama. Granovetter mwenyewe alitania karibu hivyo.

Yafuatayo ni kwamba ukubwa wa hasira ya watu haitoshi kutabiri litakalotokea. Vilevile idadi ya wafuasi mtandaoni haitoshi, kwa kuwa mwenye kizingiti cha 50 hahesabu vitufe vilivyobonyezwa; huhesabu watu anaowaamini. Mtafiti Damon Centola alilipima jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2010. Aliwaweka watu 1,528 katika mitandao ya namna mbili, akatazama jinsi mwaliko wa kujiunga na ukumbi wa mambo ya afya unavyoenea. Ambako majirani walifahamiana wao kwa wao, hata mtu akapata mwaliko mara mbili au tatu kutoka pande mbalimbali, tabia iliwafikia watu 54 katika 100. Ambako mafungamano yalitawanywa ovyo iliwafikia 38. Kusikia mara moja hutoa habari; kusikia tena kutoka kwa mwingine hutoa uthubutu.

Kwa nuru hiyo yatazame yaliyotokea Kenya mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulisomwa, ukafafanuliwa kwa lugha nyepesi na kwa lugha za wenyeji, na kusambazwa simuni na vijana wasio na chama wala kiongozi mmoja. Namba za simu za wabunge ziligawiwa hadharani. Hadi hapo ilikuwa bado ni habari. Tarehe 18 Juni watu walitoka barabarani jijini Nairobi, na siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba kodi ya asilimia 16 juu ya mkate na ile ya asilimia 2.5 juu ya magari zimeondolewa. Picha za waliotoka ziliwafikia waliobaki nyumbani papo hapo. Kwa maneno ya hesabu yetu, vizingiti vilianza kutimizwa kimoja baada ya kingine, na tarehe 20 maandamano yalikuwa yameenea katika miji mingi. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, umati ukaingia Bungeni, na risasi zikafyatuliwa. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo ilihesabu watu 39 waliouawa kati ya 18 Juni na 1 Julai.

Nambari hiyo ya mwisho isisomwe harakaharaka. Kizingiti si tarakimu iliyochongwa katika jiwe. Hupanda pale gharama inapopanda. Kufikia mwisho wa mwaka tume hiyo hiyo ilikuwa imetaja visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni. Na mnamo Desemba 2024 baadhi ya mapendekezo ya kodi yaliyokuwamo katika mswada ulioangushwa yalirudi ndani ya sheria nyingine ya marekebisho ya kodi, na umati wa Juni haukurudi pamoja nayo. Habari za sheria hiyo zilienea mtandaoni kwa wepesi ule ule.

Waalimu waweza kuijaribu hesabu hii darasani, kama nifanyavyo kila mwaka na wanafunzi wangu wapya. Kila mwanafunzi aandike kwa siri, kwenye kipande cha karatasi, namba yoyote kati ya 0 na 20, kisha asimame pale tu atakapoona waliosimama wamefikia namba yake. Mwaka mmoja darasa langu zima lilisimama. Mwaka uliofuata walisimama watatu tu, wakatazamana kwa aibu. Baada ya hapo karatasi zikusanywe na namba zipangwe ubaoni kwa utaratibu, darasa litafute ni wapi mnyororo ulipokatika, na ni mwanafunzi yupi mmoja ambaye namba yake ingepunguzwa kidogo wangesimama wengine.