Akirudi kutoka kupandikizwa, mlango wa nyumba ni kazi yako

Hapa Golf, mutu akitoka hospitali, lupango inajaa. Mashemeji, majirani, watu wa kanisa, kila mumoja anataka kumushika mukono. Ni desturi nzuri. Lakini kama bibi yako ametoka kupandikizwa seli mama za damu, desturi hiyo inaweza kumuua, na mwenye kusema hapana ni wewe bwana, hata mbele ya mama mkwe.

Tuseme alikuwa na miyeloma, kansere ya uboho isiyoonekana mara nyingi. Wengi wanazani ni operesheni ya mifupa. Hapana. Waganga wanachuja seli mama kutoka damu yake mwenyewe, wanazigandisha, kisha wanamupa dawa kali ya kuua kansere. Dawa ile inaharibu pia uboho mzuri. Ndipo wanamurudishia seli zake mu mushipa, sawa vile mutu anavyoongezewa damu. Watu wa Lubumbashi wanaifuata huduma hii nje. Muhimbili, kule Dar es Salaam, walianza mwaka 2021.

Karibu wiki mbili baadaye seli zinaanza kutoa damu mpya. Anarudi nyumbani anatembea, anacheka. Kumbe kinga ya mwili wake bado changa, na itachukua miezi mingi, pengine mwaka.

Ninachoogopa zaidi ni homa. Sisi tukiona homa tunasema malaria, tunapita ku farmasi, tunameza vidonge, tunangoja asubuhi. Kwake usingoje. Kipima-joto kikifika 38, hata saa nane ya usiku, pigia munganga na umupeleke hospitali saa ileile. Usimupe parasetamoli kwanza: homa itashuka, ugonjwa utabaki umejificha. Pengine ni malaria kweli, lakini wapime hospitali, si wewe. Kwa hiyo namba ya jirani mwenye gari iwe tayari tangu siku ya kwanza.

Chakula si shida kubwa: bukari ya moto, sombe iliyoiva, samaki aliyeiva. Saladi mbichi na mboga iliyolala wakati umeme umekatika, aache. Maji uchemshe.

Wageni wakae inje, chini ya muembe, wamusalimie kwa mbali. Mwenye kukohoa arudi kwake. Ukiona haya, sema munganga amekataza. Si uongo. Na siku kikohozi kitakapokushika wewe mwenyewe, hama chumba, dada yake alale naye.