Kiti na Pedali za Trekta: Zikufae Miguu Kabla Hujaingia Shambani

Msimu wa kulima umekaribia, na safari hii nataka tuzungumzie miguu ya dereva. Juzi nilitembelea kikundi kimoja kilichonunua trekta la mkononi, yaani lililotumika. Dereva wao wa zamani alikuwa mrefu, huyu wa sasa ni kijana mfupi. Kila akikanyaga klachi anateleza mpaka ukingoni mwa kiti. Nikamuuliza, "Mbona husogezi kiti?" Akanijibu, "Kimeganda, bwana shamba, nimeshazoea." Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kwa nini ni hatari? Baadhi ya matrekta yetu, zikiwemo Massey Ferguson nyingi za zamani, yana klachi ya hatua mbili. Ukikanyaga nusu, trekta linaacha kutembea. Ukikanyaga mpaka chini kabisa ndipo na PTO inasimama, ile shafti inayoendesha mashine ya kupukuchua au ya kufyeka. Sasa dereva ambaye mguu wake unaishia nusu ataona trekta limesimama, kumbe shafti nyuma bado inazunguka. Mtu akisogea na shati au kanga inayoning'inia, inamvuta.

Jipime hivi. Simamisha trekta pahali tambarare, shusha jembe chini, vuta hendibreki, zima injini, weka mawe kwenye magurudumu. Kaa, mgongo uguse egemeo. Kanyaga klachi mpaka mwisho. Goti likinyooka kabisa au makalio yakiteleza, kiti kiko mbali. Goti likigonga usukani, kiti kiko karibu mno. Kinachotakiwa ni goti libaki limekunjika kidogo wakati pedali iko chini kabisa. Rudia hivyo hivyo kwa breki.

Kurekebisha, anza na kiti. Viti vingi vya trekta vina wenzo wa kukisogeza mbele na nyuma, vingine vimefungwa kwa bolti zenye matundu kadhaa. Reli ikiwa imeganda kwa kutu, isugue kwa brashi na dizeli, kisha ipake grisi. Hakikisha kiti kimejifunga kabla ya kuondoka. Kikiteleza mlimani utapoteza pedali zote kwa mpigo.

Wengi wanaweka gunia chini ya makalio. Hapo unajidanganya, maana ukiinuka juu na miguu inazidi kuwa mbali. Kama kiti kimefika mwisho na bado hufikii, weka mto mgumu nyuma ya mgongo, ukiwa umefungwa imara. Na vile vipande vya mbao vinavyofungwa kwenye pedali kwa mpira wa baiskeli, viondoe. Kikizunguka kimoja kikaingia chini ya breki, huna breki tena. Ikibidi kabisa kuongeza unene, fundi afunge bati gumu kwa bolti, na breki zote mbili ziwe sawa.

Kosa jingine: kuchezea fimbo ya klachi ili pedali imsogelee dereva. Marekebisho yale ni ya klachi, si ya miguu. Pedali lazima iwe na mchezo kidogo, yaani inashuka kwa ulaini kabla hujahisi uzito. Kipimo chake kipo kwenye kitabu cha trekta; pima kwa rula. Mchezo ukiisha, klachi inateleza na pleti zinaungua. Ukizidi, klachi haiachii vizuri na gia zinakwaruza. Ni hivyo hivyo ukiendesha huku mguu umepumzika juu ya klachi: unaila taratibu, na gharama yake utaijua katikati ya msimu.

Breki nazo ziko mbili, kushoto na kulia, za kukusaidia kukata kona shambani. Ukitoka kwenda barabarani au ukivuta tela, zifunge pamoja kwa komeo lake. Zikanyage uone kama ziko kimo kimoja na zinashika sawasawa. Upande mmoja ukishika zaidi, trekta linavutwa upande huo, na kwa mwendo wa barabarani linaweza kupinduka.

Mwisho, viatu. Kandambili zinachomoka na kukwama chini ya pedali. Gambuti kubwa kuliko mguu linaweza kukanyaga pedali mbili kwa pamoja. Vaa kiatu kilichofungwa, chenye soli isiyoteleza, na upanguse tope kabla ya kupanda. Pedali iliyolika mpaka iking'aa ichongwe mistari au ibadilishwe mpira.

Kujipima na kusogeza kiti hakuchukui muda mrefu. Kama trekta lina madereva wawili, kila mmoja ajirekebishie kiti anapopokea zamu. Asione aibu, na mwenye trekta asimharakishe. Ukikwama, nitafute kabla hujatia jembe ardhini. Kilimo chema.