Meli ya Plastiki Yaweza Kuongozwa kwa Redio

Petite Barrière, kituo cha mpakani kati ya miji ya Gisenyi na Goma, hakiko mbali na Ziwa Kivu. Katika nyumba zilizo karibu na maji kama hizo, mtoto aliyeunganisha meli ya plastiki haridhiki kuiona juu ya kabati. Hutaka ielee na kwenda aendako yeye. Kazi hiyo yaweza kufanyika nyumbani, mradi mambo mawili yazingatiwe: uzito na maji.

Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliongoza mashua ndogo kwa mawimbi ya redio mbele ya watazamaji mjini New York. Leo kigari cha kuchezea kilichovunjika chaweza kutoa vifaa vyote: mota, kipokezi cha mawimbi, na kile kigeuzacho magurudumu ya mbele, ambacho sasa kitageuza usukani wa meli.

Kwanza, uzito. Meli ya tani 1,500 ikipunguzwa mara 100 kwa urefu, upana na kimo, uzito wake hugawanywa kwa 1,000,000, ukabaki kilo moja na nusu. Plastiki, mota na betri visizidi hapo, ama sivyo maji yatapita mstari wake. Betri zilazwe chini kabisa, katikati; zikiwekwa juu, meli itapinduka.

Pili, maji. Mhimili wa rafadha upitishwe katika bomba jembamba lililojazwa grisi, na ncha ya ndani ya bomba iwe juu ya usawa wa maji. Tundu la bomba lizibwe kwa gundi isiyoyeyusha plastiki. Eriali ya kipokezi iwekwe juu, kwa kuwa mawimbi ya redio hufifia upesi majini.

Jaribio la kwanza lifanywe katika beseni. Meli ikae humo nusu saa, kisha ifunguliwe na kukaguliwa kama imevuja. Baada ya mchezo betri zitolewe, zisije zikavuja na kuharibu vifaa.

Ziwani, meli ifungwe mshipi mwembamba wa kuvulia samaki. Betri zikiisha, upepo huisukuma mbali, na kina cha Kivu hufika karibu mita 480. Wazazi wawakataze watoto kabisa kuiogelea. Meli nyingine yaweza kuundwa.