Ukijeruhiwa na Mashine Kiwandani: Kosa Lako Halifuti Haki Yako

Katika viwanda vya kusindika vyakula, hatari haimo katika mitambo mikubwa pekee. Mashine ya kukandia unga, ya kusaga nyama au mkanda unaoendesha kinu cha nafaka huweza kumjeruhi hata mfanyakazi aliyeizoea kwa miaka mingi. Donge la unga hukwama, oda inasubiriwa, na kinga ya mashine imekwisha kuondolewa ili usafi ufanyike haraka. Mkono huingizwa ilhali mashine ingali inazunguka. Sekunde moja hutosha kupoteza kidole, kiganja au mkono mzima.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kuhakikisha kuwa sehemu hatari za mashine zimezibwa kwa kinga na kwamba wafanyakazi wamepewa mafunzo. Kabla ya kusafisha au kutoa kilichokwama, swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli, kisha isubiriwe hadi kila sehemu isimame. Kubonyeza kitufe cha kuzimia pekee hakutoshi, kwa kuwa mwenzako asiyekuona anaweza kuiwasha tena.

Je, nikiambiwa nimejitakia?

Majeruhi wengi hunyamaza kwa kuamini kwamba aliyekosea hana haki. Wengine hupokea fedha kidogo mkononi na kurejea nyumbani. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, ina msingi tofauti. Jambo la kwanza linaloangaliwa si nani alikosea, bali iwapo ajali ilitokana na kazi na ilitokea mfanyakazi akiwa kazini. Uchovu, usahaulifu au kukosea kwa bahati mbaya hakufuti haki ya fidia. Endapo mwajiri anadai kuwa ulikiuka taratibu kwa makusudi, wa kulipima dai hilo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), si msimamizi wa zamu.

Mafao ni yapi?

Mfuko huendeshwa kwa michango ya waajiri. Mfanyakazi hachangii, na mwajiri haruhusiwi kuukata mshahara wake kwa ajili hiyo. Mafao yanajumuisha huduma za matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, utengemao, na malipo kwa anayehitaji mtu wa kumhudumia daima. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Mfanyakazi akifariki, wategemezi wake hulipwa mafao na gharama za mazishi hugharimiwa.

Ufanye nini?

1. Pata matibabu mara moja, na umweleze daktari kwamba umeumia kazini, ili maelezo hayo yaandikwe katika kumbukumbu zako.
2. Mjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, ikiwezekana kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari.
3. Andika tarehe, saa, aina ya mashine, hali ya kinga yake na majina ya walioshuhudia.
4. Tunza mkataba, hati za mshahara, vyeti vya hospitali na stakabadhi.
5. Hakikisha dai limewasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.

Mwajiri asipotoa taarifa, usingoje hadi muda uishe: wewe au ndugu yako fikeni katika ofisi ya Mfuko mkiwa na nyaraka mlizonazo. Usiweke saini karatasi usiyoielewa, hasa inayosema kwamba huna dai lolote. Usiporidhika na uamuzi wa Mfuko, una haki ya kuomba upitiwe upya.

Kidonda huweza kupona kabla dai halijaandikwa, lakini kidole kilichokatika hakirudi. Fidia ni stahili yako kwa mujibu wa sheria. Si hisani ya mwajiri.