Imani Hairithiwi Kama Shamba

Somo: Warumi 8:12–17

Ninyi mlioko Meru, Embu, Tharaka na kila mahali sauti hii inapofika, karibuni tutafakari swali moja: Je, mtu aweza kuwahubiria wengine wokovu, naye mwenyewe asiwe na hakika kwamba amesamehewa?

Jibu tunalipata katika maisha ya John Wesley. Alizaliwa mwaka 1703 katika kijiji cha Epworth, Uingereza, mwana wa mchungaji. Alipokuwa Oxford, yeye na wenzake walifunga, waliomba kwa saa maalum na kuwatembelea wafungwa. Watu wakawadhihaki, wakawaita Wamethodisti, yaani watu wa kufuata utaratibu. Jina la dhihaka likawa jina la kanisa.

Mwaka 1735 Wesley akapanda meli kwenda Georgia, Amerika, kuhubiri. Njiani dhoruba kali ikaipiga meli, maji yakamwagika ndani, abiria Waingereza wakapiga mayowe. Lakini Wakristo Wajerumani waliokuwamo, Wamoravian, waliendelea kuimba zaburi, wao na wake zao na watoto wao. Wesley, mhubiri mwenye elimu, aliona kwamba watu wale wana kitu ambacho yeye hana. Aliogopa kufa.

Alirudi nyumbani mwaka 1738 amevunjika moyo. Jioni ya tarehe 24 Mei, katika mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London, alimsikia mtu akisoma maelezo ya Martin Luther juu ya Waraka kwa Warumi. Hapo moyo wake ukapata joto la ajabu. Alijua kwamba Kristo amezichukua dhambi zake, naam, zake yeye. Alikuwa na umri wa miaka 34, na upadre alikuwa nao karibu miaka 10.

Ni nini kilichobadilika? Kazi zake njema hazikukoma. Kilichobadilika ni sababu ya kuzifanya. Kibarua huchuma kahawa akihesabu madebe, kwa maana ujira wake ni debe. Mwana wa nyumbani huchuma katika shamba lilo hilo, pengine kwa bidii zaidi, lakini jioni chakula chake hakipimwi kwa debe. Yuko kwa baba yake. Ndivyo asemavyo Paulo katika somo letu: hatukupokea roho ya utumwa, bali tumefanywa wana.

Mafundisho hayo ndiyo Wamethodisti waliyoyaleta Meru mwaka 1912, wakajenga kituo chao Kaaga. Miongoni mwa Wameru wa kwanza walioyapokea alikuwa Filipo M'Inoti, ambaye baadaye alikuwa mchungaji. Vivyo hivyo Embu ilipata Injili kwa Waanglikana wa Kigari, na Chogoria kwa Wapresbiteri. Wazee wale wa kwanza hawakuikuta imani nyumbani kwao. Kila mmoja aliamua mwenyewe, mara nyingi kwa kulaumiwa na ukoo wake.

Sisi wajukuu wao tumezaliwa ndani ya kanisa. Jina limo katika daftari la ubatizo, na benchi la babu tunalijua. Hapo ndipo hatari ilipo. Shamba la babu laweza kugawanywa, kila mwana akapata hati yake. Imani haina hati ya namna hiyo. Mungu ana watoto, hana wajukuu.

Pengine utauliza, “Nitajuaje kama mimi ni mwana?” Wesley hakuwaachia watu hisia za moyoni peke yake. Mwaka 1742, huko Bristol, aliwagawa waumini katika madarasa ya watu kama 12. Kila mtu alitoa peni moja kwa juma ili kulipa deni la nyumba ya ibada. Kiongozi alipopita kukusanya peni, aligundua nani mlevi, nani amegombana na mkewe, nani amekata tamaa. Toka hapo darasa likawa mahali pa kuulizana hali ya roho. Je, wewe una ndugu awezaye kukuuliza hivyo?

Tena alitazama mfuko. Alipopata paundi 30 kwa mwaka, alitumia 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata alipata 60. Akatumia zile zile 28, akatoa 32. Alifundisha watu wapate fedha kwa njia ya haki, waweke akiba, kisha watoe. Bonasi ya majani chai inapofika, mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo huku baba yuko kilabuni. Hapo nyumba nzima hujua baba ni mwana wa nani, hata kama Jumapili anaimba kwa sauti kubwa.

Kama leo huna hakika, usikate tamaa. Wesley naye alipata siku za mashaka hata baada ya Aldersgate, lakini hakuacha kumwendea Kristo. Mwendee leo, usingoje mkutano mkubwa.

Tuombe: Baba yetu, utuondolee roho ya kibarua, utupe roho ya mwana. Tusiishi kwa imani ya wazee wetu, bali tumjue Mwokozi waliyemjua. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.